Je, vifaa hivi vitakubaliana? Jibu kwa msomaji wa Tabata anayeunda kompyuta ya gemu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Tabata, na nimedunduliza muda mrefu ili niunde kompyuta yangu ya kwanza ya gemu. Nimeshanunua RAM ya DDR4 ya GB 16, yaani vipande viwili vya GB 8, pamoja na kasha dogo la micro-ATX lililokuja na pawa saplai yake iliyoandikwa wati 600. Duka halirudishi pesa. Vilivyobaki kwenye orodha yangu ni prosesa ya Ryzen 5 7600, mazabodi ya B550, kadi ya grafiki ya Radeon RX 7600 na SSD ya NVMe ya TB 1. Nyumbani kuna UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika) ya VA 650. Rafiki yangu anasema vyote vitaingiliana kwa kuwa ni vya AMD. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujalipia prosesa, kwa sababu orodha yako ina kosa moja ambalo lingeizuia mashine isiwake kabisa, na jingine ambalo lingeiacha iwake vizuri mbele ya fundi kisha ikuzimikie ukiwa katikati ya mechi. La kwanza liko kwenye soketi, na la pili liko kwenye hiyo pawa saplai uliyopewa pamoja na kasha.

Nianze na hoja ya rafiki yako. Jina la AMD juu ya boksi halitoshi kukuambia kama prosesa itaingia kwenye mazabodi. Kinachoamua ni soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Ryzen 5 7600 ni ya soketi AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022 pamoja na familia ya Ryzen 7000, ilhali mazabodi za B550 ni za soketi AM4, iliyoanza mwaka 2016 na kuhudumia vizazi kadhaa hadi Ryzen 5000. Tofauti yenyewe inaonekana kwa macho. Ukigeuza prosesa ya AM4 utaona msitu wa pini 1,331 zinazoshuka kwenye matundu ya mazabodi. Ya AM5 haina pini hata moja, ni bapa yenye vidoti vya rangi ya dhahabu, kwa kuwa pini zake 1,718 zimehamishiwa kwenye soketi. Hapo hakuna ufundi wa kulazimisha. Ukijaribu kukandamiza, utapinda pini na kupoteza vifaa viwili kwa mkupuo.

RAM nayo hufuata mazabodi, na DDR4 na DDR5 ni vizazi viwili tofauti vya RAM. Soketi AM5 hupokea DDR5 pekee, na B550 hupokea DDR4 pekee. Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba vipande vya aina zote mbili vina urefu uleule na pini 288 zilezile, isipokuwa kile kipengo kilichokatwa kwenye ukingo wa chini hakiko mahali pamoja, hivyo kipande kisichohusika hukataa kukaa hata ukikigeuza. Kwa Intel mambo ni ya hila zaidi, kwa sababu soketi yao ya LGA1700, iliyohudumia kizazi cha 12 hadi cha 14, ina mazabodi za DDR4 na za DDR5, na pengine jina la bodi hutofautiana kwa herufi tu za mwishoni, kama vile D4. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa isiyo yako bila nia mbaya yoyote.

Kwa hiyo una njia mbili. Unaweza kubaki na Ryzen 5 7600, ukanunua mazabodi ya AM5 kama B650, ukauza RAM yako na kununua DDR5. Au unaweza kubaki na RAM uliyonayo na mazabodi ya B550, ukabadilisha prosesa tu na kuchukua Ryzen 5 5600. Mimi ningechukua ya pili bila kusita. Ni kweli kwamba AM5 ina mustakabali mrefu zaidi, kwani AMD wameahidi kuiendeleza hadi mwaka 2027 na kuendelea, na mwenye fedha za kutosha ningemshauri aelekee huko. Lakini kwa kadi ya kiwango cha RX 7600 na skrini ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080), ambayo ndiyo kadi hiyo inaimudu, kadi itafika ukomo wake kabla ya prosesa katika gemu nyingi, na tofauti kati ya prosesa hizi mbili utaiona zaidi kwenye majedwali ya vipimo kuliko kwenye kioo chako. Fedha utakayookoa ina kazi muhimu zaidi, nayo nitaifikia. Tena AM4 haijakufungia mlango: baadaye, ukipata Ryzen 7 5700X3D au 5800X3D hata iliyotumika, itaingia kwenye bodi hiyo hiyo.

Ukienda dukani kuulizia Ryzen 5 5600, soma jina hadi herufi ya mwisho. Sokoni kuna 5500, 5600, 5600G na 5600X, na kwa mtu asiyejali zote huitwa "Ryzen 5 ya kizazi cha tano". Kwa kazi yako si sawa. Ryzen 5 5500 na 5600G zina kashe ya L3, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, ya MB 16, ilhali 5600 na 5600X zina MB 32, na gemu huipenda sana kashe. La pili halisemwi mara nyingi: 5500 na 5600G huzungumza na kadi ya grafiki kwa PCIe (mfumo wa mawasiliano wa sloti za mazabodi) ya toleo la 3, na 5600 hutumia toleo la 4. Kadi ya RX 7600 imejengwa kwa njia 8 tu za data badala ya 16, sawa na RTX 4060 ya Nvidia, kwa hiyo ukiiweka kwenye PCIe 3 unaibana mara mbili. Itafanya kazi, ila utakuwa umelipia uwezo usioutumia. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali kubadilishiwa B550 kwa A520 eti kwa kuwa "ni kitu kilekile, bei nafuu". A520 nayo inaishia kwenye PCIe 3.

Kuna jambo la BIOS pia, yaani programu ya mazabodi inayoiamsha mashine. Mazabodi za B550 zilitoka katikati ya mwaka 2020, kabla ya Ryzen 5000 kuzaliwa, kwa hiyo bodi iliyokaa stoo tangu wakati huo inaweza kuwa na BIOS isiyoitambua prosesa yako. Feni zitazunguka na kioo kitabaki cheusi. Tazama boksi kama lina stika inayosema kwamba bodi iko tayari kwa Ryzen 5000. Kama haina, mwombe muuzaji aisasishe BIOS mbele yako, au chagua bodi yenye kitufe cha kusasisha kwa flashi bila kuhitaji prosesa. Kitufe hicho huwa nyuma, karibu na bandari za USB, ingawa si kila bodi ya B550 inacho. Bodi iwe ya ukubwa wa micro-ATX, yaani milimita 244 kwa 244 au pungufu, kwa sababu ya ATX kamili ina milimita 305 kwa 244 na haitaingia kwenye kasha lako.

Kuhusu kadi ya grafiki, chaguo lako sina ugomvi nalo, ila pima kasha kabla. Chukua rula, pima kutoka kwenye ukuta wa nyuma, pale kadi inapofungwa skrubu, hadi kwenye feni ya mbele au mahali feni itakapokaa. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25, na hizo ndizo ambazo watu husahau kuzitoa. Kadi za RX 7600 zenye feni mbili huwa kati ya milimita 200 na 250 au zaidi kidogo, na za feni tatu zinaweza kupita 280. Kwenye kasha dogo chukua ya feni mbili. Kumbuka pia kwamba Ryzen 5 5600 haina grafiki yake yenyewe: kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, chini, na si kwenye bandari ya HDMI ya mazabodi. Waliorudisha mashine dukani wakidai imekufa, kumbe kebo iko juu, si wachache.

Sasa nije kwenye pawa saplai, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana wauzaji wengi huliongelea mwisho na kwa sentensi moja. Igeuze uione stika ya ubavuni. Usiangalie ile "600W" ya herufi kubwa. Tafuta safu iliyoandikwa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kutoka hapo. Chini yake kuna namba ya ampea. Zidisha volti kwa ampea. Ukikuta ampea 18, basi 12 mara 18 ni wati 216, na hizo ndizo wati ulizo nazo kweli kwa kazi ya gemu, hata kama boksi limeandikwa 600. Pawa saplai ya wati 550 iliyoundwa kwa uaminifu huonyesha takribani ampea 45 kwenye 12V, sawa na wati 540. Kama stika ina safu mbili, 12V1 na 12V2, usizijumlishe. Tafuta jumla ya wati iliyoandikwa kwa pamoja chini yake. Na kama stika haitaji ampea kabisa, umeshapata jibu lako.

Mashine yako inahitaji kiasi gani? RX 7600 imekadiriwa wati 165. Ryzen 5 5600 ina kiwango cha wati 65, ingawa ikifanya kazi kwa nguvu hupanda kidogo juu ya hapo bila kufika 90. Mazabodi, RAM, SSD na feni tuzipe 50. Jumla ni kama wati 300, na kadi za siku hizi huwa na mishtuko ya milisekunde chache inayopita kiwango chake. AMD wenyewe hupendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, nami sioni sababu ya kupinga. Ile fedha uliyookoa kwa kutohamia AM5 iende hapa: nunua ya wati 550 au 650 ya kampuni inayojulikana, yenye nembo ya ufanisi ya 80 PLUS Bronze angalau, yenye waranti unayoweza kuidai hapa hapa mjini, na udai risiti ya EFD, kwa sababu waranti bila risiti ni maneno matupu. Hiyo ya bure itoe kwenye kasha na uisahau.

Angalia na plagi zake. Unahitaji ya pini 24 kwa mazabodi, ya 4+4 kwa prosesa, na ya 6+2 kwa kadi ya grafiki. Hizi mbili za mwisho zote zina pini nane na hufanana kwa mbali, lakini mpangilio wa umeme ndani yake ni wa kinyume, ndiyo maana umbo la matundu limetofautishwa. Ikikataa kuingia, usiisukume. Pawa saplai za bure mara nyingi hazina ya 6+2 kabisa, na hapo ndipo fundi huleta kiunganishi kinachochukua umeme kwenye plagi nyembamba za diski. Plagi ya pini 8 ya kadi imekusudiwa kubeba hadi wati 150, na zile nyaya nyembamba hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Nimeona plastiki yake ikiwa imegeuka rangi ya kahawia na kunuka. Vilevile, ukinunua pawa saplai yenye nyaya za kuchomoa, usitumie nyaya za kampuni nyingine hata kama zinaingia, kwa kuwa upande wa pawa saplai yenyewe kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka yeye, na kosa hilo huweza kuunguza SSD kwa sekunde moja.

Nikiwa hapo hapo, mtu anaweza kukushauri uchukue pawa saplai ya kompyuta ya ofisini iliyotumika, zile za Dell au HP zinazojaa madukani Kariakoo. Ni imara, sikatai, lakini nyingi zina plagi za mtengenezaji mwenyewe zisizo na pini 24, na umbo lake halifuati matundu ya skrubu ya kasha la kawaida. Na yoyote yenye swichi nyekundu nyuma ya kuchagua volti 115 au 230, hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuichomeka ukutani. Ikiwa kwenye 115, umeme wetu utaikaanga palepale kwa mlipuko ambao majirani watausikia.

UPS yako ya VA 650 inaleta mkanganyiko wa aina hiyo hiyo ya namba. VA, yaani volti mara ampea, si wati. UPS nyingi za VA 650 hubeba wati 360 au 390 tu, na kiwango hicho kimeandikwa kwa maandishi madogo nyuma. Mashine yako ikitumia wati 300 ndani, ukutani itavuta karibu 350 kwa sababu ya upotevu wa pawa saplai, na skrini itaongeza 25 au 30. Yaani utakuwa unagusa dari. Umeme ukikatika ukiwa unahariri kazi ya chuo, UPS itakuvusha vizuri. Ukikatika katikati ya gemu, huenda italia mara moja na kuzima kila kitu, jambo ambalo UPS ilinunuliwa ili lisitokee. Ukipata fedha baadaye tafuta ya VA 1,000 hadi 1,200 yenye wati 600 zilizoandikwa wazi. Kwa sasa unaweza kuwasha ukomo wa fremu kwenye gemu, tuseme fremu 60 kwa sekunde, na mzigo wa kadi utashuka kwa kiasi kinachoonekana. UPS za bei nafuu pia hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi ngazi badala ya mawimbi laini, na baadhi ya pawa saplai nzuri huzimika zinapohamishiwa huko. Jaribu mapema kwa kuchomoa UPS ukutani wakati hujafungua kazi yoyote ya maana.

Usikate pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya pini mbili. Kama ukigusa chuma cha kasha unahisi vidole vinatekenywa, nyumba haina ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, au soketi hiyo ya ukutani haijaunganishwa nao. Pawa saplai yoyote hupitisha mkondo mdogo kwenda kwenye kasha na hutegemea ethi kuumwaga, kwa hiyo mwite fundi umeme, kwani fundi kompyuta hatakusaidia kwa hilo.

Joto nalo ni suala la kukubaliana kwa vifaa, ingawa karatasi za kiwandani hazilitaji hivyo. Vipimo vya watengenezaji hufanyika katika vyumba vyenye ubaridi. Chumba cha Tabata mwezi wa Februari, dirisha wazi na kiyoyozi hakuna, huwa na nyuzi 30 na kitu, na kila kilicho ndani ya kasha huanzia hapo kupanda. Feni ya Wraith Stealth inayokuja ndani ya boksi la Ryzen 5 5600 inaiweza prosesa hiyo, mradi hewa ipite. Hakikisha unanunua iliyo kwenye boksi, maana zile zinazouzwa bila boksi hazina feni. Kama kasha lako lina kioo kizima mbele, fungua nafasi au ondoa kifuniko hicho. Weka feni mbili mbele zinazovuta hewa ndani na moja nyuma inayoitoa. Vumbi na unyevu wa pwani vikikutana hufanya utando mgumu kwenye mapezi ya kadi, kwa hiyo uwe na brashi laini na uyasafishe kila baada ya miezi michache, mashine ikiwa imechomolewa.

SSD haina shida kubwa. Chukua ya M.2 yenye ukubwa wa 2280, iandikwe NVMe, kwa sababu kuna za mfumo wa zamani wa SATA zenye umbo lilelile na kasi ndogo mara kadhaa. Ichomeke kwenye sloti iliyo karibu na prosesa, ambayo kwenye B550 ni ya PCIe 4; ile ya chini kwenye bodi nyingi huzima baadhi ya bandari za SATA. RAM zako ziweke kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa ikiwa bodi ina nne, kisha ingia kwenye BIOS uwashe XMP. Usipofanya hivyo, RAM ya 3200 itafanya kazi kwa 2133 au 2400, na hutapata onyo lolote.

Limebaki suala la mpangilio wa kununua, kwa kuwa najua fedha ya mwanafunzi haiji kwa pamoja. Pawa saplai na SSD unaweza kuzinunua mapema na kuzitunza. Lakini mazabodi, prosesa na kadi ya grafiki usizitenganishe kwa miezi, kwa sababu bila kadi prosesa hii haitoi picha, na bila picha huwezi kujua kama bodi ni nzima. Ukinunua bodi leo na kadi baada ya miezi mitatu, muda wa majaribio wa bodi utakuwa umeshapita kabla hujaiwasha hata mara moja. Dunduliza hadi hivyo vitatu vitimie, uvinunue siku moja, ikiwezekana duka moja, na kabla ya kutoka mwombe muuzaji aviunganishe juu ya meza na pawa saplai yako uliyokuja nayo, hadi ukurasa wa BIOS uonekane na usome mwenyewe jina la prosesa na ukubwa wa RAM.